Breki zilikata ghafla Sachangwan siku nne baada ya kutoka gereji, sasa naambiwa gari haina shida

mwalimu_kiamunyi

Wakuu habari zenu. Mnisamehe uzi ni mrefu, nataka mafundi walio humu wapate kila kitu kabla hawajanijibu kwa sababu kichwa changu kimechoka na hii maneno.

Naishi Kiamunyi hapa Nakuru. Gari ni Probox ya manual, huu ni mwaka wa sita niko nayo na haijawahi kunisumbua kwa breki. Jumanne ya wiki iliyopita niliipeleka gereji moja hapa tauni ibadilishwe pedi za mbele, zilikuwa zimeanza kulia. Jina la gereji siweki, bado sina uhakika kama ni makosa yao na sitaki kumharibia mtu kazi bure. Pedi zilikuwa 2,800, kazi 1,500, halafu kuna 400 ya breki fluidi, fundi aliniambia ameongezea kidogo. Nikalipa nikaenda zangu.

Jumatano nikaona pedali iko juu kuliko kawaida na ni ngumu kidogo. Nikafurahi hata, nikasema hizi pedi mpya zinashika. Alhamisi gari ikawa nzito, ukiachilia mafuta inasimama haraka kama imefungwa kamba nyuma. Ijumaa jioni nikipaki nyumbani nikasikia harufu ile ya nguo ukisahau pasi juu yake. Nikajiambia ni pedi mpya bado zinazoea. Hapo ndipo najilaumu mpaka leo.

Jumamosi tukaenda Kericho kwa matanga ya shangazi. Nilikuwa na mamangu mbele, nyuma dadangu na watoto wake wawili. Kurudi tuliondoka saa kumi hivi. Tulipopita Londiani Junction, pale trela liliua watu zaidi ya 50 tarehe 30 Juni 2023, mamangu akaomba kidogo kama anavyofanya kila tukipita hapo. Tukashika barabara kubwa Mau Summit, tukaanza kuteremka.

Mteremko wa Sachangwan kuja Salgaa mnaujua. Nilikuwa kama 80, gia ya nne, mbele kuna lori limebeba mbao linatambaa. Nikakanyaga breki. Pedali ikaenda mpaka kwa kapeti, hivi kama umekanyaga mkate uliolowa chai. Nikapampu mara tatu mara nne, hakuna kitu. Kulia kuna gari zinapita mfululizo sikuweza kutoka. Nikaweka gia ya tatu, gari ikanguruma, nikaweka ya pili ikalia mpaka watoto wakaanza kulia pia, halafu nikavuta handibreki kidogo kidogo huku kidole kimefinya ile batani ya mbele isijifunge. Mamangu hakupiga kelele. Alishika mkono wa mlango akawa anataja majina yetu, moja moja, polepole, wote watano. Nikaielekeza kushoto kwa mchanga, ubavu ukakwaruza ukingo wa udongo, ikasimama. Mpaka lile lori hapakuwa na urefu wa darasa moja.

Magurudumu ya mbele yalikuwa yanatoa moshi. Dereva mmoja wa trela akasimama, akatukataza tusimwage maji juu ya disiki zikiwa moto, akakaa na sisi karibu saa nzima. Mungu ambariki popote alipo. Sasa hapa ndipo pananichanganya: baada ya hiyo saa nzima nikajaribu pedali nikakuta IMERUDI. Juu, ngumu, kama hakuna kitu kilifanyika. Sikuiamini, nikaita brekidauni, 6,000 mpaka Nakuru.

Jumatatu gereji wameitoa wakaizungusha mtaani wakarudi wakaniambia breki ziko sawa kabisa, fluidi imejaa, hakuna mahali inavuja, ni mimi nilikanyaga breki mteremko wote mpaka zikachoka. Taa ya breki kwa dashibodi haikuwaka hata mara moja. Nauliza tu, inawezekana ni mimi? Kama ni mimi nitakubali.

probox_damu

Pole sana mwalimu, na pole kwa mama. Lakini mimi niseme ukweli wangu, wengi hapo Sachangwan huteremka mguu uko kwa breki kuanzia juu mpaka chini. Breki yoyote itachemka. Ulisema gia ya nne, kwa ule mteremko gia ya nne ni juu sana ukifuata malori.

trela_la_malaba

Niko barabara hii tangu kabla ya ule moto wa Sachangwan wa Januari 2009, nimeona mengi pale. Kanuni yetu ni teremka na gia ile ungepandia nayo. Wanaokufa pale wengi ni wale wanapiga fri, yaani wanatoa gia, kuokoa dizeli, injini haiwasaidii kitu, kazi yote inaachiwa breki.

Lakini mwenzangu hapo juu, soma tena alichoandika. Gari ilikuwa nzito tangu Alhamisi. Ijumaa ilinuka akiwa Kiamunyi, si Sachangwan. Kiamunyi kuna mteremko gani wa kuunguza breki? Hiyo gari ilikuwa imejishika yenyewe kabla haijaona mlima. Mwalimu alivyosimamisha hiyo gari, gia kwanza halafu handibreki polepole, ndivyo inavyofaa, kuna madereva wa miaka mingi wangevuta handibreki yote mara moja gari igeuke.

spana_14

Dada mwalimu, pole. Mimi ni fundi, miaka 22 nikiwa chini ya magari hapa Kisumu, sasa mgongo umekataa nafundisha vijana tu. Nimesoma uzi wako mara mbili na kuna kitu kimoja kimenikwama kooni.

Pedi zikiisha, pistoni za kalipa (kile chuma kinachobana pedi kwa disiki) zinatoka nje, fluidi inashuka kwa ile tenki ndogo ili kujaza nafasi. Ukiweka pedi mpya unarudisha pistoni ndani, na fluidi INAPANDA. Inapanda mpaka saa nyingine inamwagika. Sasa huyo kijana aliongeza fluidi ya nini? Labda alifungua mahali akatoa hewa, hiyo ni sawa. Labda aliongeza kwanza kabla ya kurudisha pistoni, hiyo ni kutojua. Lakini cha maana zaidi, aliongeza NINI na kutoka chupa GANI? Ulimwona akifungua chupa mpya?

Nakuuliza kwa sababu dalili zako zinajipanga vizuri sana. Pedali kupanda na kuwa ngumu, gari kuwa nzito, harufu, halafu pedali kuzama, halafu kurudi ikipoa. Kuvuja hakufanyi hivyo. Kama ingekuwa imevuja isingerudi, na taa ingewaka.

mwalimu_kiamunyi

Fundi asante sana kwa kunijibu hivi. Hapana sikuona chupa mpya. Nilikuwa nimekaa kwa benchi lao nasahihisha madaftari. Nakumbuka alienda nyuma kwa rafu akaja na chupa ndogo nyeupe, ilikuwa nusu. Nilidhani ni kawaida. Na hakutoa hewa, hakuna mtu alikaa ndani kukanyaga pedali.

spana_14

Basi fanya vitu viwili kesho mchana, na usiwashe hiyo gari kabla.

Cha kwanza fungua kifuniko cha tenki ya breki fluidi. Chini ya kifuniko kuna raba nyembamba. Iangalie. Kama ni nzima inarudi mahali pake bila shida. Kama imevimba, imelegea, imejikunja kama sikio, haikai tena vile ilikuwa, andika hapa.

Cha pili nunua bomba la sindano kwa duka la dawa, vuta fluidi kidogo kutoka juu ya tenki, weka matone kwa glasi ya maji safi, koroga, ngoja dakika kumi. Breki fluidi ya kawaida inachanganyika na maji inapotea. Oili yoyote ya mafuta, iwe ya injini, ya pawa stiaringi, ya jeki, itaelea juu kama mafuta kwa supu. Osha mikono, na usimwagie rangi ya gari, inababua.

Niwaeleze na wengine mjue kwa nini. Raba za mfumo wa breki zimetengenezwa kukaa ndani ya breki fluidi tu. Zikikutana na oili ya mafuta zinavimba, hata ikiwa kidogo, na si siku hiyo hiyo, zinachukua siku kadhaa. Ndani ya masta, ile silinda kubwa inayosukumwa na pedali, kuna katundu kadogo, ukiachilia pedali fluidi inarudi kwa tenki kupitia hapo. Raba ikivimba inaziba hako katundu. Presha inabaki imefungiwa, pedi zinaendelea kuuma disiki hata kama mguu wako uko mbali. Ukiendesha hivyo disiki inakuwa moto kama jiko, moto unaingia kwa kalipa, fluidi inachemka, inatoa povu la mvuke. Mvuke unafinyika, fluidi haifinyiki, ndio maana mguu ulienda mpaka kwa kapeti. Ikipoa mvuke unarudi kuwa fluidi na pedali inarudi juu. Gereji waliijaribu imepoa, tena kwa mzunguko wa dakika tano, lazima waone iko sawa.

shemeji_kondele

Fundi swali, si inaweza pia kuwa fluidi nzee tu? Mimi yangu sijabadilisha tangu ninunue gari.

spana_14

Inaweza, na yako badilisha wiki hii bwana. Breki fluidi inanyonya maji kutoka kwa hewa. Ziko aina, ile ya DOT 3 ikiwa mpya haifai kuchemka chini ya digrii 205, ikishanyonya maji inaweza kuchemka kwa 140 tu. DOT 4 ni 230 na 155. Hapa kwetu mtu anakaa nayo miaka kumi, imekuwa nyeusi kama kahawa, anaongeza tu juu. Miaka miwili, toa yote weka mpya. Lakini fluidi nzee haifanyi pedali ipande iwe ngumu Jumatano. Ngoja tuone glasi ya mwalimu.

mwalimu_kiamunyi

Nimerudi. Nimefanya mbele ya jirani yangu ili kuwe na shahidi na nikachukua video.

Raba ya kifuniko imevimba. Nilipoifungua ikabaki imening'inia, nimejaribu kuirudisha haingii, imekuwa pana kuliko kifuniko chenyewe, ukiifinya ni laini kama ukoko wa uji. Nimeipima na ya jirani, gari yake ni sawa na yangu. Yake ni ngumu, inakaa vizuri kwa duara lake, yangu imejaa mawimbi ukingo wote.

Glasi: nimeweka matone kama kumi nikakoroga na kijiko. Maji yakawa na rangi ya chai ya rangi kidogo, halafu juu kukatokea vijiduara vinang'aa. Nimengoja dakika ishirini badala ya kumi. Vijiduara vimeungana vimekuwa kama sarafu moja ya mafuta inaelea. Ya jirani nimefanya kwa glasi nyingine, imepotea yote, hakuna kitu juu.

Nimekaa chini kwa ngazi za jikoni nikalia kidogo, sitaficha. Watoto wa dadangu wana miaka minne na saba.

spana_14

Basi umepata. Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo wengi huharibu mara ya pili. Wakikuambia watamwaga hiyo fluidi waweke mpya waoshe, KATAA. Raba ikishavimba hairudi. Masta inabadilishwa au inawekwa raba mpya zote, kalipa zote mbili raba mpya, zile silinda ndogo za dramu za nyuma, hosi zote za mpira, na kifuniko. Paipu za chuma zinasafishwa na spiriti mpaka zitoke kavu. Halafu fluidi mpya chupa imefungwa, ifunguliwe mbele ya macho yako. Pedi pia na disiki ziangaliwe, zilipikwa.

Kabla wafungue kitu waambie wafanye hivi: gari ikiwa moto na magurudumu yamekaza, inyanyuliwe kwa jeki, wafungue nipo ya kalipa, kale kaskrubu ka kutolea hewa. Fluidi ikiruka na gurudumu likaachia papo hapo, ni presha ilikuwa imefungiwa. Hakuna fundi atabishana na hiyo.

wakili_mtaani

Mwalimu pole. Kabla ya kurudi kwao hifadhi ushahidi. Fluidi iliyobaki kwa bomba weka kwa chupa safi ya kioo, andika tarehe, jirani yako atie sahihi. Risiti ya gereji, hata ile ya Mpesa, ya brekidauni, picha za ubavu uliokwaruzwa. Ukiweza mtu asiye upande wowote akague gari akuandikie ripoti, AA, kile chama cha wenye magari, hufanya ukaguzi wa aina hiyo.

Katiba kifungu cha 46 inasema mteja ana haki ya huduma ya kiwango kinachofaa na kulipwa fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro, na kuna Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012. Wakikataa, kuna Mahakama ya Madai Madogo, inasikiza madai mpaka shilingi milioni moja, sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60 na si lazima uwe na wakili. Lakini nenda kwa amani kwanza. Andika barua moja ya ukurasa mmoja, wape siku saba.

probox_damu

Mwalimu nimesoma na naomba radhi kwa kile niliandika juu. Niliharakisha.

mwalimu_kiamunyi

Usijali ndugu yangu, hata mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kukubali ni mimi.

Nimeenda leo. Nimebeba glasi zote mbili kwa kikapu, barua, na ile raba nimeifunga kwa karatasi ya nailoni. Nilimkuta mwenye gereji mwenyewe, mzee mtulivu. Nilimwambia mzee wangu sijakuja kugombana, nakuomba tu uangalie hii. Alishika ile raba akaigeuzageuza kwa vidole muda mrefu hakusema kitu. Halafu akamwita yule kijana akamuuliza alitumia chupa gani. Kijana akaenda kwa rafu akaja nayo. Chupa nyeupe, lebo ya breki fluidi, imebaki kama kidole kimoja chini.

Mzee akamimina kidogo kwa glasi ya maji. Ikaelea yote. Wote tuliona. Wateja wengine wawili walikuwa hapo wakakaribia.

Kumbe ni oili ya jeki. Ile jeki yao kubwa ya magurudumu hupungua oili, mtu alinunua ya galoni akajaza kwa chupa tupu ya breki fluidi ndiyo iwe rahisi kumimina, akairudisha rafu ile ile. Rangi yake ni ya dhahabu hafifu, huwezi kujua kwa macho. Kijana hakujua. Ana miaka kama 19, alikaa chini kwa tairi akafunika uso, akaniuliza "mwalimu, watoto walikuwa ndani?" Nikamwambia ndio. Nilikuwa nimeenda na hasira nyingi na sikujua tena niiweke wapi.

Mzee amekubali kulipa yote, masta, raba, hosi, brekidauni na ubavu. Ameandika na akatia sahihi. Fundi wa Kisumu, nimempa orodha yako akaisoma akasema hiyo ndiyo sawa, na ile jaribio ya nipo waliifanya mbele yangu: gurudumu lilikuwa limekaza hata mikono miwili hailizungushi, nipo ikafunguliwa, fluidi ikaruka, gurudumu likazunguka lenyewe kidogo.

trela_la_malaba

Mwalimu swali moja. Hiyo chupa ilikuwa nusu ulipoenda wewe Jumanne. Leo imebaki kidole kimoja. Tenki ya Probox haimezi hiyo yote kwa kuongezea tu. Nyingine ilienda wapi?

mwalimu_kiamunyi

Mjumbe wa Malaba, umenifanya nitoke nyumbani saa mbili usiku. Nilimpigia mzee simu, akanyamaza, akasema nami pia nimeliwaza hilo tangu jioni. Tumekutana gereji na kitabu chake cha kazi, yeye, mimi na yule kijana. Kijana amekumbuka gari tatu baada ya yangu zilizoongezewa kutoka hiyo chupa.

Ya kwanza ni pikapu ya mtu wa Bahati, amepatikana kwa simu, alikuwa anapanga kwenda Nyahururu asubuhi na magunia ya viazi na amesema kweli pedali imekuwa ngumu tangu juzi akadhani ni busta. Gari haitoki, kijana anaenda kwake kesho mapema na masta mpya. Ya pili ni Demio ya dada mmoja Section 58, imelazwa, mzee ataivuta mwenyewe.

Ya tatu ni Noah ya kijivu. Kitabuni kuna jina la kwanza tu na namba ya simu ambayo haipatikani tangu saa tatu. Kijana anakumbuka mwenyewe alikuwa na haraka, alisema anatoka upande wa Subukia na hubeba watoto wa shule. Alilipa pesa taslimu kwa hivyo hata Mpesa haitusaidii. Ilikuwa Ijumaa, kama saa sita mchana, alikuja kuangaliwa tairi ya nyuma tu na fluidi akaongezewa bure.

Naombeni mnisaidie kusambaza hii kwa magrupu ya Subukia, Bahati, Solai, ya wazazi, ya makanisa, ya madereva. Ndugu mwenye Noah ya kijivu, kama uliongezewa breki fluidi Nakuru tauni Ijumaa hiyo na sasa pedali iko juu na ngumu, au gari ni nzito, au rimu zinachoma mkono ukisimama, usiteremke nayo popote, hata polepole, hata ikionekana imepona. Iache hapo ilipo. Mzee amesema atakuja na spea zote popote ulipo na hatakulipisha hata shilingi. Niandikie hapa chini, niko macho.